Kingamwili na ngeli zake: istilahi na mbinu za kutambua ngeli ya kingamwili ya hibridoma

kingamwili nm [i-/zi-] protini inayotengenezwa na seli B za mwili, yenye umbo mithili ya herufi Y, ambayo hukitambua kitu kigeni mahususi na kujishikiza nacho. *Kingamwili hii inamtambua kirusi. Kingamwili hizi zimeonekana katika damu.* Visawe: antibodi, imunoglobulini (kwa mkazo wa kikemia). Linganisha: kinga, antijeni, chanjo.

hibridoma nm [i-/zi-] seli chotara inayopatikana kwa kuunganisha seli B na seli ya saratani ya damu iitwayo mieloma, ili itoe kingamwili ya namna moja tu bila kikomo. *Hibridoma hii imeoteshwa upya.*

ngeli ya kingamwili kundi ambamo kingamwili huwekwa kwa kufuata sehemu yake isiyobadilika: IgM, IgG, IgA, IgE, IgD. Pia: isotipu.

1. Swali lililozaa makala haya

Miaka michache iliyopita nilikuwa likizo nyumbani, kata ya Kifanya, katika Halmashauri ya Mji wa Njombe. Nilikuwa nimebeba rasimu ya kijitabu cha afya ambayo mwanafunzi wangu wa tafsiri aliniomba niisahihishe. Jioni, tukiwa jikoni tunaota moto, shangazi yangu aliichukua, akasoma kwa sauti sentensi moja: “Kipimo kikionyesha mistari miwili, damu ya mtoto ina kinga dhidi ya VVU.” Akaiweka chini, akasema, “Basi hapo si pa kulia, mwanangu. Mtoto amekwisha kukingwa.”

Shangazi hakukosea kusoma. Kila neno alilielewa kama Mswahili yeyote angelielewa. Aliyekosea ni mtafsiri, aliyeandika *kinga* mahali palipohitaji *kingamwili*. Kosa la pili lilijificha zaidi, kwa kuwa mtafsiri hakujua kwamba kingamwili zilizomo katika damu ya mtoto mchanga zinaweza kuwa za mama yake. Katika mkoa wetu kosa la namna hii si la kuchekewa. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa mwaka 2022–2023 uliitaja Njombe kuwa mkoa wenye kiwango kikubwa kuliko yote Tanzania Bara, asilimia 12.7 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Sentensi ya kijitabu kama kile husomwa na mama mwenye mtoto mgongoni, naye hutenda kulingana na alichosoma.

Makala haya yanaeleza istilahi za eneo hili pamoja na mbinu za maabara zinazozibeba, kwa sababu mtafsiri asiyeijua mbinu hawezi kulichagua neno. Mkazo umewekwa katika kazi moja: kutambua ngeli ya kingamwili inayotolewa na hibridoma.

2. Umbo na upatanisho

*Kingamwili* ni neno ambatano: *kinga* + *mwili*. Nomino *kinga* imetokana na kitenzi *-kinga*. Sauti /k/ ya mwanzo ni ya mzizi, si ya kiambishi cha ngeli ya ki-/vi-. Kwa hiyo wingi wake haugeuki:

- sahihi: kingamwili hii inashika / kingamwili hizi zinashika
- si sahihi: *kingamwili hiki kinashika* / *vingamwili hivi vinashika*

Umbo *vingamwili* limeenea katika tafsiri za haraka. Chanzo chake ni mlinganisho wa uongo na maneno kama *kimelea/vimelea* na *kirusi/virusi*, yanayotokea katika aya zilezile. Msomaji akumbuke pia kwamba lipo neno *kinga*, wingi *vinga*, la ngeli ya ki-/vi-, lenye maana ya kijinga cha moto. Anayeandika *vingamwili* anaukaribia mwili wenye vijinga vya moto kuliko mwili wenye ulinzi.

Vifupisho IgG, IgM na vinginevyo hufuata upatanisho huohuo wa i-/zi-: *IgG hii imevuka*, *IgM hizi zimepungua*. Herufi ya pili huandikwa ndogo daima. *IGG* ni kosa la kitaaluma, si la mtindo.

3. Ngeli katika sarufi, ngeli katika damu

Maabarani neno linalotumika zaidi ni *aina*: “aina ya kingamwili”. Neno hili ni la kawaida na halina ubaya katika mazungumzo, lakini katika maandishi ya kitaaluma huleta utata. “Kingamwili za aina gani?” linaweza kujibiwa kwa “za surua” au kwa “IgG”. Jibu la kwanza linataja *kinachotambuliwa*, na la pili linataja *umbo la kinachotambua*. Ninapendekeza wanafunzi watumie istilahi tatu zilizotenganishwa:

- umahususi: kitu ambacho kingamwili inakitambua (surua, VVU, sumu ya pepopunda)
- ngeli: kundi kuu (IgM, IgG, IgA, IgE, IgD)
- ngeli ndogo: mgawanyo wa ndani (kwa binadamu, IgG1 hadi IgG4)

Neno *ngeli* halikuchaguliwa kwa kuwa mwandishi ni mwalimu wa sarufi tu. Mfanano wenyewe ni wa kweli, nao humsaidia mwanafunzi kuliko mchoro. Tazama mzizi *-toto*. Ukiupa kiambishi m- unapata *mtoto*, ukiupa ki- unapata *kitoto*, na ukiupa u- unapata *utoto*. Mzizi haukubadilika. Kilichobadilika ni kiambishi, na kiambishi ndicho kinachoamua upatanisho: *mtoto anakua*, *kitoto kinakua*, *utoto unapita*.

Kingamwili nayo ina sehemu mbili. Ncha za mikono miwili ya Y ndizo zinazoishika antijeni. Ncha hizo hutofautiana sana kutoka kingamwili moja hadi nyingine, nazo ni kama mzizi wa neno. Shina la Y halibadiliki ndani ya ngeli moja, na ndilo linaloamua nani “atapatana” na kingamwili hiyo: kama itavuka kondo la nyuma, kama itaamsha protini nyingine za damu, kama itashikwa na seli fulani. Seli B inapoanza kazi hutoa IgM. Baadaye inaweza kubadili ngeli na kutoa IgG, IgA au IgE, huku umahususi wake ukibaki uleule. Mzizi ni mmoja, kiambishi ni kipya.

Mfanano huu una mpaka wake, na mwalimu autaje. Msemaji anaweza kutoka *mtoto* kwenda *kitoto* na kurudi. Seli B hairudi nyuma, kwa sababu inapobadili ngeli hukata na kutupa kipande cha DNA kilichokuwa kikiibeba ngeli ya awali.

Hapa ndipo sentensi ya kijitabu inapopata ufafanuzi wake. Katika ngeli zote tano, IgG peke yake ndiyo inayosafirishwa kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto kupitia kondo la nyuma. Mtoto wa mama mwenye VVU huzaliwa akiwa na IgG za mama dhidi ya virusi hivyo hata kama yeye mwenyewe hakuambukizwa. Hupungua polepole kwa miezi mingi. Ndiyo maana kipimo cha kutafuta kingamwili hakitoshi kuthibitisha maambukizi kabla ya umri wa miezi 18, na mtoto mchanga hupimwa kwa njia inayotafuta chembeurithi za kirusi chenyewe. Sentensi sahihi ingekuwa: “Kipimo kikionyesha mistari miwili, damu ya mtoto ina *kingamwili* za VVU. Huenda ni za mama. Mtoto anahitaji kipimo kingine cha kutafuta kirusi chenyewe.” Ni sentensi tatu badala ya moja, na zote zina kazi.

4. Hibridoma: seli chotara na kazi yake

Mnyama akichomwa antijeni, mwili wake hutoa kingamwili nyingi mchanganyiko, kila moja kutoka ukoo wake wa seli B. Mtafiti anayetaka kingamwili moja tu anakwama, maana seli B iliyotolewa mwilini hufa baada ya siku chache. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge nchini Uingereza, waliunganisha seli B ya panya na seli ya mieloma, yaani saratani isiyokoma kugawanyika. Chotara aliyezaliwa alirithi kwa mzazi mmoja uwezo wa kutoa kingamwili, na kwa mzazi wa pili uwezo wa kuishi bila kikomo. Walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1984, pamoja na Niels Jerne.

Hatua za kazi hiyo, kwa ufupi, ni hizi. Panya huchanjwa kwa antijeni, kisha seli za wengu wake huchanganywa na seli za mieloma mbele ya kemikali inayoyeyusha mipaka ya seli, kwa kawaida polietilini glaikoli. Baada ya hapo seli huoteshwa katika chakula chenye haipozanthini, aminopterini na thaimidini. Aminopterini huziba njia kuu ya kutengeneza DNA. Seli za mieloma zimechaguliwa zikiwa hazina kimeng'enya cha njia ya pembeni, hivyo hufa. Seli za wengu zisizoungana hufa kwa umri wao. Hubaki chotara peke yao. Hizi hugawanywa katika vishimo vya sahani, mpaka kila kishimo kiwe na seli moja itakayozaa ukoo mmoja.

Kutokana na hatua hiyo ya mwisho ndipo lilipopatikana neno monoklonali, yaani *ya ukoo mmoja*. Ni kivumishi kisichochukua viambishi: *kingamwili monoklonali hii*, *kingamwili monoklonali hizi*. Anayependa Kiswahili chepesi aandike *kingamwili za ukoo mmoja*. Umbo hili halimpotoshi mtu.

5. Kwa nini ngeli itambuliwe?

Hibridoma ikishapatikana, swali la kwanza la mtafiti ni umahususi wake: inaitambua antijeni yangu? La pili ni ngeli yake, na lina sababu za kikazi.

Kwanza, usafishaji. Protini A, inayotokana na bakteria, hushika vizuri IgG2a ya panya, hushika IgG1 kwa udhaifu, na haifai kwa IgM. Asiyeijua ngeli anaweza kuimwaga kingamwili yake akidhani anaisafisha. Pili, umbo. IgG ina uzito wa takriban kilodaltoni 150. IgM inayotolewa nje ya seli huwa kundi la Y tano zilizofungamana, uzito wake ukikaribia kilodaltoni 900, hivyo hupenya kwa shida katika tishu. Tatu, uteuzi wa kitendanishi cha pili na cha ulinganisho katika majaribio yatakayofuata. Nne, uthibitisho: hibridoma ya ukoo mmoja hutoa ngeli moja, na zikionekana mbili pana jambo la kuchunguzwa.

Kwa panya, orodha inayotafutwa ni IgM, IgG1, IgG2a, IgG2b, IgG3 na IgA, mara chache IgE, pamoja na mnyororo mwepesi, ambao ni wa kapa au lambda. Kwa panya wa maabara takriban asilimia 95 ya kingamwili huwa na mnyororo wa kapa. Baadhi ya koo za panya, kama C57BL/6, hazina IgG2a, zina IgG2c badala yake. Mtafsiri asiifute tofauti ya herufi moja akidhani ni kosa la uchapaji.

6. Mbinu

6.1 Mtawanyiko katika jeli. Hii ni mbinu kongwe, inayohusishwa na Msweden Örjan Ouchterlony, na asili yake ni miaka ya 1940. Jeli ya agarosi humwagwa juu ya kioo, kisha hutobolewa vishimo: kimoja katikati, vingine kukizunguka. Kiowevu cha hibridoma hutiwa katikati. Vishimo vya pembeni hutiwa seramu zinazotambua kila moja ngeli yake: ya IgM, ya IgG1, na kuendelea. Vimiminika hutawanyika na kukutana njiani. Pale seramu inapokutana na ngeli inayoitambua, hujitokeza mstari mweupe wa mashapo baada ya siku moja au mbili. Mbinu hii haihitaji mashine, inafundishika, na kosa lake huonekana kwa macho. Udhaifu wake ni kuhitaji kingamwili nyingi. Kiowevu kilichotoka moja kwa moja katika chombo cha kuoteshea mara nyingi hulazimika kwanza kukolezwa.

6.2 Elisa. Ndiyo mbinu inayotumika zaidi. Jina hili ni kifupisho kilichokwisha kuwa neno. Huandikwa *elisa* au *ELISA*, upatanisho i-/zi-. Ilibuniwa mwaka 1971, na Eva Engvall na Peter Perlmann wa Stockholm ni miongoni mwa wabunifu wake. Sahani ya plastiki yenye vishimo 96 hupakwa kitu cha kunasia, sehemu za plastiki zilizobaki wazi huzibwa kwa protini isiyohusika, kiowevu cha hibridoma hutiwa, kisha sahani husuuzwa. Kila kishimo hupewa kitendanishi cha ngeli moja kilichofungwa kimeng'enya, sahani husuuzwa tena, na mwisho hutiwa kemikali inayobadilika rangi. Kimeng'enya kikiwa peroksidasi na kemikali ikiwa ile iitwayo TMB, rangi ya buluu hujitokeza. Asidi ikiongezwa hugeuka manjano na kusomwa kwa mwanga wa nanomita 450.

Uamuzi wa maana ni juu ya *kitu cha kunasia*, nao huathiri lugha ya ripoti:

- Sahani ikipakwa antijeni yenyewe, kinachoonekana ni ngeli ya kingamwili *inayoitambua antijeni hiyo*.
- Sahani ikipakwa kingamwili inayonasa kingamwili zote za panya, kinachoonekana ni ngeli ya kingamwili *yoyote iliyomo* katika kiowevu, ihusike isihusike.

Ripoti isemayo tu “hibridoma ni IgG1” bila kutaja kilichopakwa imeficha nusu ya habari. Anayetafsiri aitafute nusu hiyo katika sehemu ya mbinu.

6.3 Kijiti cha haraka. Kwa nje kinafanana na kijiti cha kupimia mimba au malaria. Sampuli hupanda kwa kunyonywa, hubeba chembe ndogo za rangi, na mstari hutokea mahali palipobandikwa kinasio cha ngeli husika. Mstari mwingine huonyesha kapa au lambda. Majibu hupatikana kwa dakika chache. Tahadhari yake inashangaza wanaoanza: sampuli kali *kupita kiasi* inaweza kutoa jibu hafifu au kutotoa mstari kabisa, kwa kuwa kingamwili zisizobeba rangi huwahi kujaza nafasi za vinasio. Kwa hiyo sampuli huzimuliwa kwanza. *Zimua* ndilo neno stahiki la kupunguza ukali wa kiowevu. *Kuchanganya na maji* si kisawe chake, maana kinachotumika mara nyingi si maji matupu.

6.4 Njia nyinginezo. Maabara zenye mashine ya kupimia seli kwa mwanga hutumia vijishanga vya rangi mbalimbali, kila rangi ikinasa ngeli moja, hivyo sampuli moja hujibiwa kwa mkupuo. Inawezekana pia kusoma jeni badala ya protini: RNA ya hibridoma hunakiliwa, na mfuatano wa mnyororo mzito hutaja ngeli bila shaka. Njia hii ina faida kwamba mfuatano huo huhifadhiwa hata hibridoma ikifa. Lakini jeni huonyesha kinachoweza kutengenezwa, na protini huonyesha kilichotoka nje ya seli. Haya ni mambo mawili, na kitenzi kimoja *kutoa* hakitoshi kwa yote mawili.

7. Kusoma matokeo

Kila jaribio huambatana na vilinganishi: kingamwili ya ngeli inayojulikana, ambayo lazima ikubali, na chakula cha seli kisichooteshewa kitu, ambacho lazima kikatae. Bila hivi viwili matokeo hayana maana.

Kishimo kimoja cha ngeli kikikubali na kimoja cha mnyororo mwepesi, jibu ni wazi: kwa mfano, “IgG2a, kapa”. Vikikubali viwili vya ngeli, zipo sababu tatu za kufikiriwa. Huenda ukoo si mmoja, na seli zitenganishwe upya. Huenda kitendanishi kimeshika kingamwili za ng'ombe zilizomo katika seramu ya kuoteshea, na kilinganishi cha chakula kitupu kitalifichua jambo hilo. Au huenda mzazi wa mieloma alikuwa na kingamwili yake: mmoja wa wazazi wa mwanzo kabisa, P3-X63Ag8, alitoa IgG1 yenye kapa, na chotara wake walichanganya minyororo ya wazazi wawili. Ndiyo sababu baadaye zilichaguliwa mieloma zisizotoa kitu, kama SP2/0.

Visipokubali vyote, mtafiti asikimbilie kuandika “hakuna kingamwili”. Huenda sampuli ni hafifu, au ni IgM iliyoharibika kwa kugandishwa na kuyeyushwa mara nyingi, au ngeli yake haikuwekwa katika orodha. Kiswahili sahihi cha tokeo hilo ni “kingamwili haikuonekana”, si *“kingamwili haipo”*. Kauli ya kutendeka hapa ina kazi ya kisayansi: inakiri mpaka wa kipimo.

8. Mfano wa nyumbani: Kabete

Msomaji asidhani habari hizi ni za ng'ambo tu. Mwaka 1973 ilianzishwa Nairobi maabara ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya wanyama, iliyojulikana kwa kifupi kama ILRAD, yenye makao Kabete. Mwaka 1994 iliunganishwa na taasisi dada ya Addis Ababa kuwa ILRI. Kuanzia miaka ya 1980 kingamwili monoklonali zilitumiwa kuonyesha kwamba vimelea vya *Theileria parva*, vinavyoenezwa na kupe na kusababisha ndigana kali, havifanani vyote. Jambo hilo linamgusa kila mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, wa Njombe akiwamo, kwa sababu chanjo inayokinga dhidi ya kimelea cha namna moja inaweza kushindwa mbele ya namna nyingine.

Maabara hiyo ilizalisha pia kingamwili za kuzitambua seli za kinga za ng'ombe. Majina yao huanza kwa *IL-A*. IL-A11 hutambua seli zenye alama ya CD4, nayo ni IgG2a. IL-A51 hutambua seli zenye alama ya CD8, nayo ni IgG1. Hapa faida ya kuijua ngeli inaonekana waziwazi. Kwa kuwa mbili hizi ni za ngeli ndogo tofauti, mtafiti anaweza kuzitia pamoja katika damu ya ng'ombe mmoja, kisha akaongeza kitendanishi cha rangi moja kinachoshika IgG2a tu, na cha rangi nyingine kinachoshika IgG1 tu. Seli za makundi mawili huhesabiwa kwa pamoja bila kuchanganyika. Kama zote mbili zingekuwa IgG1, rangi hizo zisingeweza kuzitenganisha. Ni upatanisho uleule: kitendanishi cha pili hakitazami mzizi, kinatazama kiambishi.

9. Yanayochanganywa

kinga / kingamwili. *Kinga* ni hali ya kulindwa. *Kingamwili* ni protini. Mtu anaweza kuwa na kingamwili nyingi bila kinga, kama ilivyo kwa VVU. Usiandike *ana kinga* pale kipimo kilipoonyesha kingamwili tu.

kipimo cha kingamwili. Kihusishi *cha* kina utata. Kipimo cha haraka cha VVU hasa *hutafuta* kingamwili za mgonjwa. Kipimo cha haraka cha malaria *hutumia* kingamwili monoklonali za panya kutafuta protini ya kimelea. Vyote viwili vinaweza kuitwa “kipimo cha kingamwili”, na hapo msomaji hupotea. Andika *kipimo kinachotafuta kingamwili* au *kipimo kinachotumia kingamwili*.

isotipu / isotopu. *Isotipu* ni ngeli ya kingamwili. *Isotopu* ni umbo la elementi lenye idadi tofauti ya nyutroni. Irabu moja hutenganisha somo la kinga na somo la nyuklia. Kwa hadhira ya jumla, tumia *ngeli*.

kutambua / kupima. Kazi iliyoelezwa hapa ni *kutambua* au *kubainisha* ngeli. *Kupima* hubeba wazo la kiasi. Elisa inaweza kufanya yote mawili, lakini si kwa jaribio lilelile.

antijeni / kingamwili. Antijeni ni kinachotambuliwa, kingamwili ni kinachotambua. Katika sentensi ndefu taja mtenda kila mara. Viwakilishi *hii* na *hiyo* haviwezi kuvitofautisha, kwa kuwa vyote ni vya ngeli ya i-/zi-.

10. Kwa mwalimu

Zoezi linalofaa kwa darasa la tafsiri: wape wanafunzi sentensi “Damu ya mtoto ina kinga dhidi ya VVU”, kisha waulize maswali matatu. Nani alitengeneza protini inayotajwa? Ni ya ngeli gani, na tumejuaje? Msomaji atafanya nini akiisoma? Mwanafunzi akilijibu la tatu kabla ya kushika kalamu, mawili ya mwanzo atayatafuta mwenyewe.

Kijitabu kile kilirekebishwa kabla hakijachapwa. Nilimpelekea shangazi nakala mpya, akaisoma polepole hadi mwisho, akauliza: “Kwa hiyo turudi lini kupima tena?” Hilo ndilo swali ambalo tafsiri ya kwanza ilikuwa imemnyang'anya msomaji.